Maji Chini ya Mlango

Tarehe 23 Septemba 1924, upepo mkali kutoka Ghuba ya Ufini uliyasukuma maji ya bahari yakarudi ndani ya mto Neva, na mto ukakosa pa kwenda isipokuwa mjini. Mji wenyewe ulikuwa na jina jipya, Leningrad, kwa miezi minane tu. Maji yalipanda karibu mita 3.8 juu ya kiwango chake cha kawaida. Barabara kubwa zilizokuwa zimetandikwa vipande vya mbao zilinyanyuka na kuelea. Mafuriko yaliyozidi hayo mji huo uliwahi kuyaona mara moja tu, mwaka 1824, miaka mia moja kabla. Yale ya 1824 yalipata mshairi, Pushkin. Haya ya 1924 yalipata mbwa.

Mbwa hao walikuwa wa Ivan Pavlov. Jina unalijua. Hata kama hukumbuki lolote la darasani, unakumbuka kwamba kuna Mrusi aliyepiga kengele, akatoa nyama, halafu siku moja akapiga kengele bila nyama na mbwa akadondosha mate hivyo hivyo. Mimi nilisoma saikolojia kwa mihula mitatu kabla karo haijanishinda, na katika mihula hiyo Pavlov alipata slaidi moja. Mbwa, kengele, mate, twende mbele. Hakuna aliyetuambia kwamba mbwa wale nusura wafe maji, wala kwamba baada ya kuokolewa baadhi yao walisahau kila walichofunzwa. Nilikuja kukutana na mafuriko ya Leningrad kwenye simu, saa nane usiku, nikitafuta jibu la mbwa wa jirani aliyekuwa akikwaruza mlango wangu.

Mbwa huyo anaitwa Bosco. Aliingia kwenye ploti yetu Juni 2024 pamoja na mwenyewe, mama anayepika chapo pale getini, baada ya nyumba yao ya Mathare kubebwa na maji ya Aprili. Mvua za msimu ule ziliua zaidi ya watu 200 nchini, na wengi walionusurika kando ya mto waliletewa tingatinga wiki chache baadaye. Mbwa hawakuwa kwenye hesabu ya mtu.

Kukiwa na jua Bosco ni mbwa wa kawaida, mvivu kidogo, anayejua watoto wote wa ploti na anayemchukia mtu mmoja tu, yule wa kusoma mita za stima. Lakini mvua ikianza kugonga mabati, hata ya rasharasha, anageuka. Hajifichi chini ya kitanda kama mbwa anayeogopa radi. Anapanda. Ameshapatikana juu ya sinki la kufulia, juu ya magunia ya makaa, juu ya kiti cha pikipiki ya jamaa wa boda. Akikosa pa kupanda anakwaruza milango, mmoja baada ya mwingine, huku analia kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Na hali kitu. Unaweza kumwekea matumbo mbele ya pua na asiyaone.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Nyanya wa chumba cha nne alisema Bosco anawaona waliobebwa na maji. Jamaa wa boda alisema ni kichaa cha mbwa kinaanza, na hilo si jambo la kucheka, maana kichaa cha mbwa kikishatoa dalili kwa binadamu hakuna daktari wa kukirudisha. Lakini mbwa mwenye kichaa hufa siku chache baada ya dalili kuanza, na Bosco alikuwa na miezi mitano ya vituko, tena na kadi ya chanjo. Msimamizi wa ploti hakuhitaji maelezo. Alisema mwisho wa mwezi mbwa awe ameondoka, na mtu mwingine, sitamtaja, akasema kuondoka ni rahisi, mkate mmoja na dawa ya panya. Kwa hiyo swali la kwa nini mbwa anafanya vituko lilikuwa na tarehe ya mwisho.

Swali lenyewe ni la zamani, na jibu la nyanya si la kudharauliwa haraka hivyo. Hapa kwetu mbwa akibweka usiku bila sababu utaambiwa ameona jini, na akilia kwa sauti ndefu utaambiwa kuna msiba unakuja. Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika juu ya mbwa wake, mnyama mkubwa mwenye akili zake, aliyekuwa amelala kwenye nyasi siku ya joto. Karibu naye palikuwa na mwavuli wa jua uliofunguliwa, na kila upepo mdogo ulipousogeza, mbwa alinguruma na kubweka. Darwin akasema huenda mbwa alikuwa amewaza, haraka na bila kujua, kwamba kitu kikisogea bila mtu wa kukisogeza basi lazima kuna kiumbe hai asiyeonekana. Halafu akaendelea kudai kwamba hivyo ndivyo watu aliowaita washenzi walivyofikia kuamini mizimu. Yaani nyanya wa chumba cha nne na mbwa wa Darwin waliwekwa meza moja. Ukiliondoa tusi, hata hivyo, linabaki jambo la maana: Darwin aliamini mbwa ana mawazo, na kwamba kituko chake kina hoja ndani yake hata kama hoja hiyo ni mbovu.

Pavlov alikuja kulikataa wazo hilo kwa nguvu zake zote. Alizaliwa 1849 huko Ryazan, mtoto wa kasisi, akaacha seminari kwenda kusoma sayansi. Kilichompa Tuzo ya Nobeli ya 1904 kilikuwa tumbo, kwani alichunguza jinsi chakula kinavyosagwa kwa kuwapasua mbwa, kuwatoboa matundu ya kudumu na kukusanya maji ya mwilini mwao yakiwa bado hai. (Maji ya tumbo la mbwa yaliuzwa hata kwa wagonjwa, kama dawa ya kusaga chakula. Watu walikunywa.) Mate yalianza kama usumbufu. Mbwa walidondokwa na mate kabla ya chakula kufika, wakisikia tu hatua za mtu wa kuwalisha. Mwanafunzi wake mmoja, Snarsky, alitaka kueleza hilo kwa kuingia ndani ya nia ya mbwa, anachotamani, anachokumbuka. Pavlov akakataa, wakaachana. Kuanzia hapo alikataza maabarani mwake maneno kama mbwa alitaka au mbwa alidhani. Hesabu matone, basi.

Kengele pia si vile tulivyoambiwa. Aliitumia mara moja moja. Zaidi alitumia metronomu, vyombo vya kuvuma, taa, mguso wa ngozi, hata umeme, kwa sababu alitaka kitu anachoweza kukipima vizuri. Alipata fedha za kujenga jengo maalumu lenye kuta nene lililokuja kuitwa Mnara wa Ukimya, ili mbwa asisikie ila kile mtafiti anachotaka asikie. Mbwa alifungwa mikanda juu ya meza ya mbao katika chumba kimoja, mtafiti akakaa chumba cha pili akitazama kwa kitundu.

Na humo, ndani ya ukimya huo, mbwa walianza vituko ambavyo hesabu ya matone haikuvitarajia. Mwaka 1914 hivi, mtafiti aliyeitwa Shenger-Krestovnikova alimfunza mbwa kwamba duara lina chakula na umbo la yai halina. Mbwa akajua vizuri. Akaanza kulifanya yai liwe la mviringo zaidi na zaidi, kidogo kidogo, mpaka likawa karibu duara, tisa kwa nane. Mbwa akashindwa kutofautisha. Kufikia hapo ungesema sawa, amekosa mtihani. Lakini hakuishia kukosa. Mnyama aliyekuwa mtulivu alianza kulia na kujinyonganyonga kwenye mikanda, akaviuma vyombo akavirarua, na aliporudishwa kwenye yale maumbo mepesi ya mwanzo hata hayo hakuyajua tena. Hakupigwa wala kunyimwa chakula. Aliulizwa tu swali lisilojibika, mara kwa mara, mahali asipoweza kuondoka. Sitasema nilimfikiria nani niliposoma hapo, lakini mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya mkopo wa elimu ya juu ataelewa.

Ndipo yakaja mafuriko.

Taasisi ya Tiba ya Majaribio, alikofanyia kazi Pavlov, iko kwenye kisiwa cha Aptekarsky, na kisiwa katikati ya Neva ndicho mahali pa kwanza maji yanapofika. Vibanda vya mbwa vilikuwa mbali kidogo na maabara, karibu nusu kilomita. Simulizi lililokuja kuenea baadaye linasema maji yalijaa kwenye vizimba mpaka mbwa wakawa wanaogelea pua zikigusa dari, na kwa vile milango ilikuwa chini, waliokuja kuwaokoa ilibidi wawavute kwanza ndani ya maji yaliyokuwa yakiwaua ndipo watoke. Fikiria hilo kwa upande wa mbwa. Mkono unaomjua, mkono unaomlisha, unamzamisha. Halafu wakaogeleshwa kwa vikundi, dhoruba ikivuma, mawimbi yakipiga kuta na miti ikianguka, hadi kwenye jengo la maabara, wakarundikwa pamoja ghorofani.

Jambo la kwanza Pavlov aliloliandika ni dogo na ndilo linalonishika zaidi. Mbwa hao, ambao siku nyingine wakiwekwa pamoja lazima wapigane, hawakupigana. Hakuna aliyemng'ata mwenzake.

Maji yalipopungua wakarudishwa kazini. Wengine walikuwa kama zamani, metronomu ikigonga mate yanatoka. Wengine hapana. Mmoja aliyechunguzwa sana na A. D. Speransky alikuwa mfanyakazi hodari wa miaka mingi. Sasa alisimama mezani na refleksi zake zote zimefutika. Chakula chenyewe akikiwekewa baada ya ishara, anakigeuzia uso. Walijaribu hili na lile. Kisha Speransky akafanya jambo lililokuwa kinyume na sheria zote za Mnara wa Ukimya: akaacha kukaa chumba cha pili, akaingia kukaa na mbwa. Mate yakarudi. Akitoka, yanapotea. Akaja kugundua kwamba hata yeye mwenyewe hahitajiki. Nguo zake zikiachwa chumbani, zimefichwa mbwa asizione, harufu tu ilitosha kumrudishia mbwa sehemu ya utulivu wake.

Soma tena hapo. Maabara iliyotumia miaka na pesa kumwondoa binadamu chumbani ili mbwa apimike, ikagundua kwamba mbwa aliyevunjika hutengenezwa na koti la mtu.

Ilichukua wiki nyingi, lakini mbwa yule alirudi kuwa mzima, au ndivyo ilivyoonekana. Speransky na Pavlov wakataka kujua ni mzima kiasi gani. Siku moja, mbwa akiwa mezani kama kawaida, wakapitisha maji kidogo chini ya mlango. Hayakuwa mengi. Yalitambaa kimya sakafuni yakafanya kidimbwi karibu na meza. Mbwa akaruka akasimama, akaanza kuangaza macho sakafuni, akahema, akajaribu kushuka kwenye meza. Chakula akakikataa. Refleksi zote, zile zilizojengwa upya kwa subira, zikaanguka tena.

Pavlov alieleza haya yote kwa lugha ya mitambo. Ubongo, alisema, ukizidiwa na msisimko hujizima wenyewe ili usiharibike, kama fyuzi. Na kwa nini wengine wazimike na wengine wasizimike? Hapo alirudi kwa Wagiriki wa kale na mafungu yao manne ya hulka, akawagawa mbwa wake hivyo, wachangamfu, wakali, watulivu na wanyonge, na akasema waliovunjika na maji ni wa lile fungu linalojizuia upesi. Mimi naona hapa mzee alibanwa. Aliyepiga marufuku kusema mbwa anawaza alikuwa sasa anasema mbwa huyu ana roho nyepesi na yule ana roho ngumu. Na sidhani alikosea kusema hivyo. Mafuriko yalimfikisha alipokataa kufika na Snarsky, kwamba kila mbwa ana historia yake na historia hiyo haiishi anapokauka maji.

Nilipomaliza kusoma habari za koti nilimwendea mama wa chapo. Alinisikiliza hadi mwisho, akageuza chapo, akasema, "Kijana wangu, yaani uliacha chuo ili uje unifunze kuwekea mbwa leso?" Lakini jioni hiyo aliweka kreti mbili za soda nyuma ya mlango wake, akatandika juu yake leso aliyoshinda nayo kwa jiko. Wazo la kreti lilikuwa lake. Alisema kama mbwa anataka juu, apewe juu. Mvua iliyofuata Bosco alipanda kreti akatetemeka usiku mzima, pua ndani ya leso, na hakukwaruza mlango wa mtu. Asubuhi alikula. Ile ya pili vilevile. Si kupona, na nyanya bado anasema anawaona. Msimamizi hajasema kitu tena, wala hajafuta alichosema.

Mbwa wa Leningrad walisafiri mbali kuliko walivyojua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari wa akili Mwingereza, William Sargant, alikuwa akitibu wanajeshi waliovunjwa na mabomu, watu wazima waliokuwa wakitetemeka, wasioweza kusema, wasiokumbuka. Alipowasoma mbwa wa Pavlov aliwatambua wagonjwa wake. Kufikia hapo ni sawa. Lakini Sargant aliendelea. Mwaka 1957 alichapisha kitabu, Battle for the Mind, akidai kwamba ikiwa hofu kubwa inaweza kufuta mafunzo ya mbwa, basi inaweza kufuta imani za mtu na kuacha nafasi ya kuandika mpya, na kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya wahubiri wa moto na vilevile wapelelezi wa kisiasa. Yeye mwenyewe alikuwa daktari wa dawa nzito na umeme wa kichwani, na hadi leo analaumiwa kwa hayo. Somo la koti halikumkaa. Alichukua lile la maji tu.

Miaka kumi baadaye, 1967, huko Marekani, Martin Seligman na Steven Maier waliwapiga mbwa umeme wasioweza kuukwepa, kisha wakawaweka kwenye sanduku ambalo mbwa angeweza kujiokoa kwa kuruka kizuizi kifupi. Mbwa wasiopitia ule umeme wa kwanza waliruka. Wengi wa wale waliopitia walilala chini, wakalia polepole na kungoja. Wakaita hali hiyo kukata tamaa kwa kufunzwa, na ikawa nadharia kubwa ya huzuni ya binadamu. Kilichowasaidia mbwa hao, kwa kadiri kulivyokuwa na msaada, hakikuwa maneno wala nyama iliyowekwa upande wa pili. Watafiti walilazimika kuwafunga kamba na kuwavuta kizuizini, tena na tena, mpaka miili yao ikajua kwamba kutoka kunawezekana. Na mwaka 2016, karibu nusu karne baadaye, Maier na Seligman wenyewe waliandika kwamba walikuwa wameielewa kinyume. Kulala chini hakufunzwi. Hiyo ndiyo hali ambayo ubongo huangukia wenyewe taabu ikikaa sana. Kinachofunzwa ni ile imani kwamba unaweza kufanya kitu.

Hilo nalo sikuliona kwenye slaidi, ingawa kwa haki muhula wenyewe ulikuwa umeisha.

Mwaka 1935 madaktari na wanasayansi kutoka nchi nyingi walikutana Leningrad kwa kongamano la fiziolojia. Pavlov alikuwa na miaka 85, na miezi michache baadaye, Februari 1936, angefariki. Mwaka huo katika bustani ya taasisi, pale pale Aptekarsky, palisimamishwa sanamu ya mbwa, na maneno ya kwenye nguzo yake aliyachagua Pavlov mwenyewe. Mbwa ameketi juu kabisa, ametulia, masikio yamesimama. Chini yake, kuizunguka nguzo, kuna vichwa vya mbwa wengine, na sanamu yote ni chemchemi: maji yanatoka kwenye midomo yao na kumwagika mbele yao.